Panya Ndani ya Video

Msichana huyu nyumbani walimwita Bi Kinyaa, na jina hilo halikuwa la kusingiziwa. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alikinusa kikombe. Akiona unywele kwenye sahani, basi, chakula kimemshinda. Mtu akipiga chafya jikoni, yeye anahama chumba.

"Huyu hata angezaliwa ndani ya sabuni," shangazi yake alimtania, "angelalamika kwamba ina povu."

Shangazi alikuwa mwokaji. Alioka mikate katika chumba cha nyuma ya nyumba, na kila Jumatatu asubuhi aliipeleka kwenye shule ya chekechea ya mtaani. Huko ndiko alikosoma mdogo wake Bi Kinyaa, kitinda mimba aliyeitwa Tumbo kwa sababu ambayo kila aliyemwona aliielewa.

Jumapili moja, Bi Kinyaa alimfuata Shangazi akiwa ameshika simu kuukuu ya nyumbani. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewafundisha yeye na wenzake kuandika programu inayounganisha picha nyingi kuwa video. Kesho yake kila mwanafunzi angeonyesha video yake mbele ya darasa.

"Shangazi, naomba kupiga picha unga wako ukiumuka."

"Piga. Ila kitambaa usikitoe. Naenda sokoni mara moja."

"Sasa si nitapiga picha ya kitambaa?"

"Kipige hicho hicho kikinyanyuka! Unga haukai wazi."

Lango lilipofungwa tu, Bi Kinyaa alikivuta kitambaa. Akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaiacha ijipigie picha yenyewe kila baada ya sekunde chache. Kisha akatoka uani kuruka kamba. Aliposikia Shangazi anarudi, alikimbia ndani, akaufunika unga bila hata kuutazama, simu akaiacha ikiendelea kupiga. Shangazi aliukanda tena, akaukata, akaupanga kwenye makopo na kuwasha tanuri.

Sebuleni, Bi Kinyaa alizihamishia picha kwenye kompyuta ya shule aliyoazimwa. Akaandika programu: picha ziko folda gani, zifuatane kwa namba gani, na ngapi zipite kwa kila sekunde. Akaiendesha. Unga ulivimba kama tumbo la mlafi, akacheka peke yake. Mara kitu cheusi kikapita, kikatoweka.

"Nini hicho?" Akairudisha video. Kikapita tena. Akafungua folda na kuzitazama picha moja baada ya nyingine.

Lahaula! Panya. Tena si kapanya kadogo, bali panya jitu zima, manyoya yamelowana kama katoka mtaroni sasa hivi. Katika picha ya kwanza alikuwa ukingoni mwa beseni. Ya pili, katikati ya unga, miguu yote minne imezama, pua inachimba. Ya tatu, ameinua mkia. Ya nne hayupo, na alipokuwa amesimama pamebaki punje tatu nyeusi, mbichi, zinang'aa. Na uchafu haukuishia hapo. Katika picha zilizofuata unga uliendelea kuumuka, ukazimeza punje zile polepole, hadi juu pakawa peupe, laini, pazuri kabisa. Kisha kitambaa kikafunika, kikaondolewa, ikaingia mikono ya Shangazi, ikakanda.

Bi Kinyaa alijiziba pua. Harufu ya mkate moto ilikuwa inaingia sebuleni, ile ile aliyoipenda siku zote, na leo ilimtia kichefuchefu. Alitaka kupiga kelele. Lakini akisema, itajulikana nani aliyetoa kitambaa.

Akaongeza mstari mmoja kwenye programu: picha hizi nne na zote zinazoonyesha punje, ziruke. Akaiendesha upya. Video ikawa safi kama pamba.

"Mimi sitaula," alijiambia. "Yamekwisha."

"Tumbo! Njoo uonje wa kwanza!" Shangazi aliita kutoka nyuma.

Mtoto alipita mbio, akarudi ameshika kipande kwa mikono miwili, anakipuliza. "Dada, nikukatie?"

Bi Kinyaa aliona doa jeusi ndani ya mkate. Mdogo wake akapanua kinywa.

"Usile!" Alikipiga kipande kikaanguka chini. Tumbo akaangua kilio, na Shangazi akaja mbio.

"Una wazimu? Unampokonya mtoto mkate?"

Bi Kinyaa aliirudia kompyuta. Aliufuta ule mstari, akaiendesha programu, akaisimamisha video kwenye picha ya pili. Shangazi akainama kutazama. Akazitazama na nyingine. Kisha akaitazama mikono yake.

"Pu! Mikono hii ndiyo iliyokanda haya?" Alikimbilia bombani, akajisugua hadi viwikoni.

Mikate yote ikatupwa shimoni, hata iliyokuwa bado tanurini.

"Labda moto umeua vijidudu," Bi Kinyaa alinong'ona.

"Kwani mavi ya panya yakiokwa yanakuwa zabibu? Niambie, wewe ungeula?"

"Hapana, Shangazi."

"Ila Tumbo ale. Na wenzake wa chekechea nao wale."

Bi Kinyaa alilia kwa aibu. Shangazi hakumbembeleza, alimpa ndoo. Walikisugua chumba kwa maji ya moto na sabuni, wakaziba tundu lililokuwa chini ya rafu. Unga mpya Bi Kinyaa aliukanda mwenyewe hadi mabega yakamuuma, na safari hii kitambaa alikitandika bila kukumbushwa.

Asubuhi, kabla mikate haijapelekwa, Shangazi alimkalisha mezani.

"Leo video uipeleke hivyo hivyo, na panya wake. Ukifuta picha, panya hafutiki. Na kinyaa si kitu kibaya, mwanangu. Ila chako kilikuwa kinalinda mdomo mmoja tu, wako. Usichoweza kukila, usimwachie mwenzako akile."

"Nimeelewa, Shangazi. Nisamehe."

Shangazi akakata mkate. Tumbo alikipokea kipande chake, akakigeuza, akakinusa huku na huku, kisha akamsogezea dada yake.

"Anza wewe," alisema.

Bi Kinyaa akakitia kinywani bila kukinusa, akatafuna, akameza mbele yake.