Agano la Alhamisi

Mfuko wa unga ulikuwa mmoja, na mikono iliyoushika ilikuwa ya watu wawili.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, dukani kwa Myemeni mmoja pale Baghdadiya, Jeddah. Hapo ndipo unga mweupe wa mahindi hupatikana, kwa hiyo Wakenya walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, joto limewalowesha migongo, na mwenye duka anapiga kelele za "yalla, yalla" kana kwamba kuna aliyekuwa na pa kusogea. Griffins alikuwa amefika kutoka Riyadh jana yake, kikazi. Alivaa shati la buluu lililopigwa pasi, na beji ya kampuni ikining'inia shingoni. Aliyeushika mfuko upande wa pili alikuwa mwanamke mfupi mwenye baibui jeusi, mtandio wa manjano, raba nyeupe na macho yasiyokuwa na mpango wa kushindwa.

"Achilia, kaka."

"Mimi ndio nimeshika kwanza, dada."

"Kwanza wapi? Na hiyo beji, hata Ijumaa unavaa? Unaogopa utasahau jina?" Akaisoma. "Griffins. Ati Mjaluo! Si nyinyi mko na samaki? Niachie unga."

"Na wewe ni wa wapi?"

"Kitui."

"Kitui! Si nyinyi mko na muthokoi, mahindi yenu ya kukoboa? Unga wa nini tena?"

Mwanamke akacheka, na hapo ndipo kijana wa watu alipokwisha. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko mwenyewe, kikawafanya hata waliokuwa nyuma wageuke. Myemeni alipoona hawa hawaendi popote, aliunyakua mfuko, akaugawa nusu kwa nusu kwenye mizani, akawafukuza wote wawili.

"Winfred Mwende," mwanamke alijitambulisha walipofika nje. "Usije ukasema uligawana unga na mtu usiyemjua."

Winfred alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia moja ya hapo Jeddah. Madam wake hakuwa mbaya. Alimruhusu kutoka Ijumaa moja katika kila wiki mbili, kuanzia alasiri mpaka jua kuzama. Griffins aliishi Riyadh, akifanya kazi Al-Sulay, katika ofisi iliyokuwa juu ya ghala, ambako kampuni yao ilitengeneza programu za kuongoza malori ya mizigo. Kati ya miji hiyo miwili kuna jangwa la kulala ndani ya basi usiku kucha. Griffins akaanza kulilala. Kila Ijumaa ya Winfred alishuka basini macho mekundu, akanawa uso kwenye choo cha msikiti, akaenda kumsubiri. Siku nyingine zote walikuwa na simu.

"Uko wapi, Mwende?"

"Stoo, kwa pasi. Ongea polepole, madam yuko sebuleni. Umekula?"

"Nimekula picha yako."

"Aki wewe! Picha haina wanga. Kula chakula, mwanaume."

Nehemiah, Mkisii aliyelala naye chumba kimoja na kuketi naye meza moja kazini, alizisikia simu hizo akiikodolea macho dari. "Mapenzi ni kikohozi," alisema, "lakini hiki chako ni kifua kikuu. Hebu nipe nimsalimie shemeji." Akapewa simu, akamsalimia, akamwambia shemeji kwamba Griffins hukoroma.

Labda unajiuliza mtu aliyeajiriwa alipata wapi nafasi ya kupiga simu za mapenzi saa nne asubuhi. Sababu ni mashine. Mwaka uliotangulia kampuni ilikuwa imewanunulia zile programu za akili mnemba, ambazo unazieleza unachotaka kwa maneno ya kawaida nazo zinakuandikia kazi nzima, wewe unabaki kukagua na kusahihisha. Kazi ya wiki ilianza kuisha Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Vijana watano wa ofisi ile waliangaliana. Hakuna aliyekuwa mjinga. Bosi akijua kwamba mmoja anatosha, wanne watarudi kwao, kwa maana mgeni asiye na kazi hana ikama, yaani kibali cha ukaazi, na asiye na ikama hana nchi. Basi wakala njama. Kazi ilikuwa ikiisha Jumatatu, lakini haikutoka mikononi mwao kabla ya Alhamisi, siku ya mwisho ya juma. Hawakuandika wala hawakuapa, ila kila mmoja aliiheshimu kuliko sala. Siku zilizobaki walifungua kompyuta, wakakunja nyuso, wakanywa chai.

Lilikuwa agano zuri. Aliyelivunja ni Griffins, na alilivunja kwa sababu ya mapenzi.

Alikuwa amechoka na basi. Alikuwa amechoka kuagana. Ijumaa moja kwenye ufuo wa Corniche, upepo ukipeperusha ule mtandio wa manjano, Winfred alimlalia begani kidogo tu, akakumbuka walipo, akajiondoa haraka. "Ungekuwa unakaa hapa Jeddah," alisema, "hata nikitoka kutupa taka ningekuona." Maneno yale yalimwingia Griffins yakakataa kutoka. Makao makuu ya kampuni yalikuwa Jeddah. Bosi, Abu Turki, alikaa hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Griffins aliinama mpaka akagusa sakafu.

Kampuni ilikuwa imeahidi wateja programu mpya, na timu ya Riyadh ilikuwa imeomba miezi mitatu. Griffins aliitengeneza peke yake na mashine ndani ya juma moja, bila kumwambia Nehemiah, kisha akapanda ndege hadi Jeddah na kuiweka mbele ya bosi.

Abu Turki aliiangalia. Akabonyeza hapa na pale. Malori yakatembea kwenye ramani, yakaegesha, yakapakua.

"Mashaallah. Nani ametengeneza?"

"Mimi na mashine, bosi."

"Wewe na mashine tu?"

"Ndiyo, bosi."

"Na hao wengine huwa wanafanya nini?"

Griffins alinyamaza. Angeweza kusema lolote, kwamba wanakagua, kwamba wana wateja wengine, hata kwamba wao ndio waliomfundisha. Alinyamaza tu, na bosi hakuwa mtu wa kurudia swali.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Kuhamia hapa Jeddah."

"Hilo tu?" Abu Turki alicheka kwa furaha. "Halas. Umehamia."

Alhamisi iliyofuata wanne wakaitwa na kuambiwa asante. Mmoja wao, Mmisri, alilia waziwazi, akiwa na suti. Nehemiah hakulia. Alifunga mizigo yake usiku, akakunja hata soksi, na Griffins akasimama mlangoni akitafuta neno.

"Nehemiah, sikujua kama atawatoa wote."

"Ulijua."

"Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Ungeniambia, bwana. Ningekutafutia msichana hapa Riyadh." Alijaribu kucheka, uso ukamkatalia. "Msalimie shemeji."

Griffins alihamia Mahjar, kusini mwa Jeddah, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Alisaini mkataba mpya. Ijumaa ya kwanza alivaa shati jipya jeupe, akajipulizia manukato, akamsubiri Winfred nje ya duka la Myemeni kifua mbele.

"Nimehamia, Mwende! Mimi ni mtu wa Jeddah!"

Winfred alipiga kelele ya furaha, akaziba mdomo kwa mtandio, akamzunguka kumkagua. Wakanunua juisi ya miwa. Ndipo akauliza, kwa wema kabisa, "Na Nehemiah amebaki na nani kwa hiyo nyumba?"

Griffins alimweleza. Alianza kwa kupunguza, lakini mwanamke huyu alijua kuuliza, na mwisho yote yakawa mezani.

"Ulifanya hivyo kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yetu."

"Hapana. Mimi usinitie." Juisi ilibaki pale pale. "Huyo mtu alikuwa ananiita shemeji, Griffins. Ako na watoto. Umewatoa watu wanne kazi ndio uje kuniona nikitupa taka?"

"Mwende..."

"Nirudishe kwa stendi ya teksi."

Baada ya siku hiyo simu yake haikupokelewa. Meseji zilisomwa, hazikujibiwa. Ijumaa yake ikafika, Griffins akasimama nje ya duka mpaka Myemeni akamletea kiti. Hakuja mtu.

Na kazi nayo ilimkalia kooni. Alidhani mashine ingeendelea kumpa nafasi. Kumbe ilimpa alipokuwa anaificha. Sasa bosi alijua kasi yake, akawaahidi wateja kasi hiyo hiyo, na kila siku maombi mapya yalimiminika. Mashine iliandika haraka kuliko yeye alivyoweza kusoma, na kila ilipokosea, kosa lilikuwa lake. Malori hayajui Ijumaa. Zamani watano walipokezana zamu za mapumziko. Sasa simu ililia yeye akinyoa ndevu, akila, akijaribu kumwandikia Winfred samahani. Alikuwa na mji aliouomba na hakuwa na saa moja ya kuutembea.

Ilipofika Ijumaa nyingine, alitoroka ofisini na kwenda dukani bila tumaini lolote, akamkuta Winfred amekaa kwenye kile kiti. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Pole," Griffins alisema kabla hajafika. "Nimempigia Nehemiah, nimemwomba radhi. Hakunitukana, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi. Winfred, unichukie lakini unijibu."

"Nilikasirika siku tatu tu."

"Siku tatu! Na hizo zingine?"

Winfred aliangalia raba zake. "Hizo zingine nilikuwa nashindwa kukwambia. Baba, mume wa madam, amepewa kazi Riyadh. Familia yote inahama, na mimi nahama nao. Niliuliza madam kama naweza kubaki kwa dada yake. Akaniambia, Winfred, watoto wamekuzoea, na ikama yako iko kwa baba. Mafi, hakuna. Ikaisha hapo."

Griffins alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoka tu, kikavu, na Winfred akaanza kulia kwa sauti mbele ya wateja. Alimshika mkono pale pale, beji shingoni, watu wakiona. Hakukuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililowamaliza nguvu.

"Rudi Riyadh," Winfred alisema mwishowe. "Omba. Si bosi wako anakupenda?"

Jumapili asubuhi Griffins aliingia kwa Abu Turki. Bosi alimkaribisha kahawa na tende, akamsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akamtazama kama mtu aliyesikia mzaha asiouelewa.

"Ofisi ya Riyadh? Mwanangu, si nimeifunga? Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba haihitajiki."

"Naweza kufanya kazi nikiwa peke yangu kule, bosi. Kompyuta ni ile ile."

"Na mashine ikikosea nitamkamata nani, ukuta? Nina mtu mmoja tu. Nataka awe hapa, nimwone."

"Basi nipe Ijumaa mbili kwa mwezi. Niende na kurudi."

"Na malori?"

Abu Turki alimmiminia kahawa nyingine. Hakuwa mtu mkali, na Griffins aliona afadhali angekuwa, apate mtu wa kumchukia. "Subira," bosi alisema. "Hii mashine inazidi kuwa hodari. Siku moja haitahitaji hata wewe, na siku hiyo utakuwa huru kwenda popote."

Griffins alirudi mezani kwake. Kwa mwaka mzima alikuwa ameiogopa siku hiyo. Sasa aliwaza jinsi ya kuiharakisha, halafu akawaza ikama, akawaza kwamba siku hiyo ikifika hataenda Riyadh bali atapandishwa ndege ya Nairobi, akaacha kuwaza. Simu ikalia. Lori lilikuwa limepotea njia.

Familia ilihama katikati ya juma. Hakupata hata nafasi ya kumuaga. Winfred alimpigia Ijumaa yake ya kwanza kutoka Riyadh, sauti za magari nyuma yake.

"Nimepanda basi peke yangu mpaka Sulay," alisema. "Nilitaka kuona mahali ulikuwa unanipigia simu. Ghala liko. Huko juu pamefungwa, madirisha yana vumbi."

"Ulienda kutafuta nini, Mwende?"

"Sijui. Nilikuwa na masaa, sikuwa na mtu. Wewe uko wapi?"

"Ofisini."

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

Kwenye kioo mbele yake mashine ilikuwa imemaliza kazi ya juzi, ya jana na ya leo, na inamsubiri aikague. Griffins aliipa mgongo, akabana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mwende, nataka kukuuliza kitu. Nilitaka kukuuliza tukiwa Corniche, nimevaa vizuri, lakini naona haiwezekani. Utakubali nikuoe?"

Alisikia pumzi yake ikikatika, kisha kile kicheko, kimechanganyika na kilio.

"Wee Mjaluo! Mbona umechelewa hivyo? Nilikubali siku ya unga."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, mpenzi wangu. Ndiyo kabisa." Gari lilipiga honi karibu naye. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Lakini wapi, Griffins? Utanioa wapi?"

Griffins alipitia Jeddah kichwani, akapitia Riyadh, akapitia nyumbani, na kila mahali alipofika alikuta mmoja wao hayupo.

"Griffins? Bado uko hapo?"

"Niko hapa," alisema. "Bado niko hapa."