Daktari wa Chumba Namba Nne

Harufu ya peremende ndiyo iliyotangulia. Dokta Mdogo, kama wauguzi walivyozoea kumwita, alifungua mlango wa chumba namba nne asubuhi akakuta kinanukia peremende, na yeye peremende hali. Akafungua dirisha, akamwita mgonjwa wa kwanza.

"Ahsante kwa jana, dokta," mama yule akasema, akitazama juu kidogo ya bega la Dokta Mdogo. "Una mkono mwepesi kweli."

Jana Dokta Mdogo hakuja kazini. Alishinda nyumbani akimkanda binti yake mwenye homa.

Ujinga ulioleta haya inabidi uelezwe, maana ulifanywa na watu wenye akili zao timamu. Dokta Mdogo alikuwa daktari kamili, vyeti safi, leseni hai. Ila mfuko wa bima ya taifa ulikuwa bado haujamsajili, na daktari asiyesajiliwa akimtibu mwenye kadi, mgonjwa hulipa mwenyewe au hurudi nyumbani na ugonjwa wake. Hospitali ile ilikuwa na mtindo wake: daktari mgeni hutumia usajili wa daktari mwenyeji. Sasa mwenyeji wa chumba namba nne, mzee mmoja mpenda peremende, alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyeuarifu mfuko.

"Kila asubuhi kompyuta itakuuliza kama daktari yupo," karani wa bima alimwelekeza siku ya kwanza. "We bonyeza *Yupo*. Basi."

Ilimchoma roho, lakini nje foleni ilijaa watoto wanaohema kwa shida. Akabonyeza. Kesho yake akabonyeza tena, akijipa moyo kwamba usajili wake uko njiani.

Baada ya harufu kikaja kikohozi, kifupi, kikavu, nyuma ya pazia la kitanda cha kupimia, na kila alipolifunua hapakuwa na mtu. Halafu wagonjwa wakaanza kujibu maswali ambayo hakuwauliza. Siku mgonjwa mmoja alipotoa ulimi bila kuambiwa, Dokta Mdogo alimfuata karani na kumvuta pembeni.

"Kaka, marehemu amerudi."

Karani akashusha sauti. "Marehemu amelala zake, dada'ngu. Nami nimekisikia kile kikohozi, nikaenda kuuliza kwa wanaojua. Majini nayo yana masikio. Kila siku tunatangaza kwamba daktari yupo, na kiti hakina mwenyewe. Limekuja moja, limekaa."

"Sasa nifanyeje?"

"Usajili wako umetoka leo. Ingia kwa jina lako, kiti kipate mwenyewe. Litaondoka."

Alirudi mbio. Ulikuwa mchana kweupe, jua limejaa chumbani, na hilo lilimpa ujasiri. Aliketi, akaingiza namba yake mpya, na pazia likasogea peke yake, na harufu ya peremende ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na kompyuta ikamuuliza kama daktari yupo, akabonyeza *Yupo*, ikaandika *Hayupo*, akabonyeza tena, ikaandika *Hayupo*, akaendelea kubonyeza na kubonyeza hadi akagundua kwamba kitufe hakishuki tena chini ya kidole chake.

Akakimbilia mlangoni. Kitasa hakikushikika. Alipiga mayowe, na muuguzi akapita nje ya kioo cha mlango akipiga miayo. Nyuma ya Dokta Mdogo kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia.

Ndipo mlango ukafunguliwa kutoka nje. Mama mzazi wa Dokta Mdogo aliingia amemshika mkono mjukuu wake, yule binti wa Dokta Mdogo, kadi ya bima kiganjani. Homa ilikuwa imerudi.

"Mama! Mtoe humu! Mtoe mtoto!" Dokta Mdogo alilia, akawakumbatia wote wawili, na mikono yake ikabaki mitupu. Walikuwa wameshampita.

"Shikamoo, dokta," mtoto akasema mbele ya meza.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mama yangu anafanya kazi hapa. Umemwona?"

Kilichokuwa kitini kikakohoa kidogo. Kikainua macho, kikamtazama Dokta Mdogo usoni pale alipojibanza mlangoni.

"Hayupo," kikasema, kisha kikamwekea mtoto mkono mwepesi kwenye paji la uso. "Haya, toa ulimi."