Sauti ya Tatu Kwenye Kamba

Kwenda bandani kuchukua mfuko wa mchanga si kazi ya kumtia mtu hofu. Jua lilikuwa limeanza kushuka, upepo uliolala tangu asubuhi umeamka, na mwamuzi wa mbio alikwisha kutangaza kwamba kipande cha mwisho kitakimbiwa leo leo. Dada mtu akaenda. Akaukuta mfuko pale pale, nyuma ya matanga yaliyokunjwa. Akautazama. Kisha akautupia turubai juu, akarudi ufukweni mikono mitupu.

Huyo dada wenzake walimwita Kasi, na hawakumwonea. Mdogo wake walimwita Unyoya, maana alikuwa mwembamba, ukipiga chafya karibu naye anayumba. Wawili hao walikuwa na katamarani yao, ile boti ya mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa, katikati wavu wa kukalia, juu tanga moja kubwa kuliko akili za wenye boti. Siku kadhaa sasa walikuwa wakikimbia kuifuata pwani, kituo hadi kituo, na walikuwa wa pili. Wa pili! Kasi neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sheria ya mbio hizo ni kwamba watu hupimwa. Wakiwa wepesi, wanabebeshwa mfuko wa mchanga ili wasiwapite wazito kwa dezo. Na mfuko huo una faida ya pili ambayo haisemwi sana mpaka yakufike: boti ikipinduka, uzito wake ndio unaosaidia kuiinua. Lakini Kasi alikwisha kupiga hesabu zake. Angefika mwisho, na kabla ya kupandishwa mizani angejaza mchanga wa ufukwe wa huko kwenye mfuko mwingine mtupu aliouficha ndani ya jaketi. Mchanga ni mchanga. Nani atauuliza umezaliwa wapi?

Unyoya alipouliza mfuko uko wapi, dada yake akamjibu kwamba kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Kijana akacheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza, na tukipinduka? Kasi akamwambia afunge mdomo, afunge na jaketi.

Mama yao alikuwa amepanda gari kutangulia kule mwisho. Kabla ya kuondoka alimvuta mkubwa pembeni, akamwambia, "Huyo ndiye niliyebaki naye wa kumlea. Nirudishie." Kasi akasema mama naye, kwani nampeleka vitani? Akambusu, akakimbilia boti.

Walikwenda. Jamani, walikwenda! Mtumbwi mmoja hewani, mwingine unapasua maji, ndugu wawili wananing'inia nje kwenye nyaya zitokazo mlingotini, na boti iliyokuwa ya kwanza ikabaki nyuma yao inapungua, inapungua... Kasi alipiga kelele za furaha. Moyo wake ulikuwa mtamu kwa ubaya, na aliupenda utamu huo.

Jua lilipogusa maji, upepo ukaja kwa pigo moja. Pua za mitumbwi zikazama. Boti ikasimama wima, ikafikiri kidogo, ikalala ubavu.

Baridi ya maji yale ilikuwa baridi ya kisu. Walipanda juu ya mtumbwi wa chini, wakashika kamba ya kuinulia, wakaegemea nyuma kwa nguvu zao zote. Mlingoti ukanyanyuka. Ukakaribia... Ukarudi majini. Wakajaribu tena, ukarudi tena. Kilichopungua kilikuwa kidogo tu, kidogo cha mfuko wa mchanga. Unyoya hakumlaumu dada yake hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma Kasi kuliko matusi. Simu ya upepo ya kuitia msaada ilikuwa imekwisha kunywa maji. Meno ya kijana yalikuwa yanagongana, akasema haisikii miguu yake.

Giza lilipokuwa linaingia, kwa mbali tanga jeupe likawapita. Lile lile la boti waliyoiacha.

Sasa, watu wa boti hizi wana mwiko wao. Kabla ya kuvuta kamba gizani lazima wahesabiane kwa sauti, maana boti ikisimama, upepo huichukua hapo hapo, na asiyeshika kitu huachwa. Mwenye usukani husema moja, mwenzake husema mbili, ndipo wanavuta. Sauti zikipungua, usivute. Hakuna aliyewahi kumfundisha Kasi la kufanya sauti zikizidi.

"Moja!"

"Mbili," akasema Unyoya, anatetemeka.

"Tatu."

Ilikuwa sauti ya chini, ya utulivu, nyuma ya visogo vyao. Hakuna aliyegeuka. Kamba ikakaza mikononi mwao, kitu kimeishika kule chini kwenye maji. Ikaja harufu... tope la kilindini, nguo zilizofungiwa miaka na miaka.

"Dada," Unyoya akanong'ona. "Tuiache. Boti ya uokoaji itakuja."

Ingekuja, ndiyo. Taa yake ilikuwa inaonekana, ndogo, inazungukazunguka. Ingewachukua wote wawili na kuwafunga mablanketi, na mbio zao zingeishia hapo. Kasi alilijua hilo vizuri. Alilitazama lile tanga jeupe linavyokwenda zake.

"Vuta," akasema.

Boti ikainuka kama si kitu. Mtumbwi wa juu ukawaangukia, wakatupwa majini, tanga likajaa upepo kwa kishindo, na boti ikaanza kukimbia. Kasi aliuwahi wavu, akajivuta, akashika usukani. Akageuka kumtafuta mdogo wake.

Mikono miwili ilikuwa imeng'ang'ania boti. Mmoja kushoto, mmoja kulia.

"Dada," ukasema upande wa kushoto.

"Dada," ukasema upande wa kulia.

Sauti moja. Nywele zile zile zimelala usoni, jaketi lile lile. Wa kushoto alikuwa anateleza, kidole baada ya kidole. Wa kulia alikuwa ameshika imara. Mkono wa Kasi ulifika pande zote mbili. Angeweza kuwavuta wote, akiuachia usukani. Ila akiuachia usukani boti ingegeuka na kusimama, na lile tanga jeupe lingekwenda moja kwa moja. Akamshika wa kulia, kwa kuwa ndiye asiyehitaji kuvutwa sana.

"Dada, ni mimi! Dada, ni mi—"

Wimbi likamfunika wa kushoto.

Huyu aliyepanda akakaa kwenye wavu, akasukuma nywele zake nyuma. Pua ilikuwa ya Unyoya, na kovu la kidevuni lilikuwa la Unyoya. Kasi akamuuliza mama humwita nani akiwa amemkasirikia. Akajibu sawasawa. Alijibu upesi mno. Na hakuwa anatetemeka.

Nyuma yao sauti iliendelea kuita. Kasi akausukuma usukani kidogo ili ageuze.

"Ukigeuka, tutapinduka tena," akasema yule, taratibu. "Tutawapata wale. Endesha."

Hofu ilimshika Kasi mpaka haja ndogo ikamtoka. Lakini aliendesha. Na waliwapata wale.

Ufukwe wa mwisho ulikuwa na taa, firimbi na vigelegele. Watu waliwabeba juu juu mpaka kwenye mizani. Kasi alikumbuka mfuko mtupu ndani ya jaketi lake, lakini watu hawakumpa nafasi ya kwenda kuujaza. Akapanda mizani pamoja na yule. Mpimaji akaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hajapata kuona jozi iliyotimia uzito namna hii, na akawauliza mfuko wao umekwenda wapi, ingawa hata hawauhitaji. Kisha mama akafika anakimbia, machozi yanamtoka, akamfunika yule kwa blanketi na kumkumbatia. "Mwanangu. Mwanangu umerudi."

Boti ya uokoaji iliingia baadaye kidogo. Nahodha wake alishuka amekunja uso. Alieleza kwamba walisikia mtu anaita kule nje, sauti ya kijana. Walimulika, hawakuona kitu. Wakaisogelea, ikahamia upande mwingine. Wakahesabu boti kwa simu ya upepo: zote zimefika, kila moja na watu wawili. Basi akawaamuru wenzake wageuze. Sauti isiyo na mwenyewe haifuatwi usiku, alisema.

Kasi akamrukia, akamshika kifuani. "Rudini. Ni mdogo wangu. Yuko hai, rudini!"

Nahodha akamtazama kijana aliyekaa ndani ya blanketi. Watu wote wakamtazama. Mmoja akacheka kwa huruma, akasema baridi ya maji humvuruga mtu, mpeni kitu cha moto. Kasi akakimbilia boti yake, wakamdaka, wakamkalisha chini kwa nguvu.

"Alikuwa anasema nini?" mama akauliza, mikono yake bado imemzunguka yule.

"Mwanzoni alikuwa anamwita dada," nahodha akasema. "Mwishoni alikuwa anamwita mama tu."

Mama akafunga macho. Akamvuta yule karibu zaidi, akamfuta maji ya chumvi usoni kwa ncha ya blanketi.

"Maskini," akasema. "Sijui mama yake yuko wapi saa hizi."

Yule akaegemeza kichwa begani kwake, akasema anataka kwenda nyumbani.