Boksi Jeusi la Chumba cha Pasi

"Sindano, achana na lori. Ile video ifute. Ni amri."

Pikipiki ya Yamaha ilinguruma chini ya Sindano. Mbele, lori la vidonge bandia vya presha lilikuwa linakaribia mpaka. Vidonge vya chokaa. Mwezi uliopita vilimwangusha mama yake jikoni, akapona kwa bahati tu.

"Kwa nini niifute, Mkuu?"

"Kwa sababu nimesema."

Simu ikakatwa.

Jasusi Sindano alifunzwa kuvumilia njaa na kipigo. Kutii upumbavu hakufunzwa. Video iliyomwonyesha mwenye lori akipakia mzigo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: kwenye kompyuta kuukuu, boksi jeusi lililokaa nyumbani kwao kando ya meza ya pasi. Humo alikuwa amefunga Proxmox, programu ya bure inayoigawa kompyuta moja kuwa mashine nyingi. Moja ya kamera za geti, moja ya picha za familia, moja ya oda za ushonaji za mama, na moja ya ushahidi. Ofisini walimcheka. Na wacheke!

Simu ikatetemeka.

*Kamera za geti: imefutwa.*

*Picha za familia: imefutwa.*

Nywila ya kompyuta ile aliwahi kumpa mtu mmoja tu, Mkuu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Akasimamisha pikipiki, akajaribu kuingia amzuie, akatolewa. Akajaribu tena, akatolewa tena.

Akapiga nyumbani.

"Mama, chomoa waya wa boksi jeusi. Sasa hivi!"

"Sichomoi."

"Mama!"

"Si wewe uliyenifokea siku ile nilipochomoa nipige pasi? Ukasema nisiliguse hata ukinipigia wewe mwenyewe, maana wabaya siku hizi wanaigiza sauti. Mimi nikiambiwa huwa naelewa."

*Oda za ushonaji: imefutwa.*

Ilibaki ya ushahidi. Sindano alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtego aliutega mwenyewe.

"Haya, boksi usiguse. Kile kidude cheupe chenye taa za kijani, kinacholeta intaneti, nilikukataza?"

"Hicho hukunikataza."

"Kichomoe, mama yangu."

Pap.

Mkuu akabaki nje.

Sindano aligeuza pikipiki na kuirudisha nyumbani kwa mwendo ambao mama hapaswi kuujua. Akaunganisha laptopu na boksi kwa waya, akabadilisha nywila, akaitoa video. Kwa simu yake akaituma, pamoja na kumbukumbu zilizoonyesha Mkuu akifuta mashine, kwa kamanda wa mpakani na kwa kila gazeti alilolijua. Kizuizi kikashushwa mbele ya lori.

Mkuu akapiga.

"Unajua unacheza na nani wewe?"

"Najua. Na sasa wanajua wote."

Nyuma ya sauti ya Mkuu, mlango ulikuwa unagongwa kwa nguvu.

"Na picha za harusi yangu?" mama akauliza.

"Nakala zake zipo kwenye diski ya pili; ushahidi tu ndio sikuuwekea nakala. Zinarudi zote, na oda zako pia."

Simu ikaita tena. Makao makuu.

"Kazi nzuri, Sindano. Hilo boksi lilete huku, litunzwe kiofisi."

"Halitoki hapa."

"Hilo si ombi."

Sindano akavaa helmeti yake taratibu, akampa mama simu, akatoka zake kwenda mpakani kumtazama mwenye lori akifungwa pingu.

Mama akasogea mbele ya boksi, pasi mkononi, bado ya moto.

"Njooni mlichukue," akasema.