Kimya Kilichovuta Pumzi

Aliyekuwa ndani ya kimya kile alivuta pumzi, lakini hakuitoa.

Fundi alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Alikuwa fundi sauti wa filamu, mwanamke mwenye masikio ya kumsikia mjusi akibadili nia ukutani, na riziki yake Mungu alimpitishia humo humo masikioni. Hedifoni zilimbana, chai yake ilikuwa imeshapoa mezani. Kimya. Kimya. Kisha ile pumzi, ikivutwa taratibu, ndefu, kama ya mtoto aliyejificha chini ya shuka. Akangoja itoke. Haikutoka.

Yafaa kueleza kidogo, maana si kila mtu anayejua kwamba kimya nacho hurekodiwa. Kila chumba kina kimya chake. Ukikata maneno ya waigizaji ukaacha pengo tupu, mtazamaji hushtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kwa hiyo fundi huwanyamazisha watu wote, huzima kila kitu, hurekodi chumba kikiwa kimetulia, halafu kimya hicho hukitandika chini ya maneno kama shuka juu ya godoro.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha, lakini ya kutazamwa na familia nzima: mtoto anaogopa giza la chumbani kwake, mwisho giza linamwogopa yeye. “Wapige mayowe, lakini wasikojoe kitandani,” ndivyo Mwongozaji alivyopenda kusema. Tatizo, nyumba waliyopigia picha ilipakana na gereji, na nyundo za gereji hazina adabu. Mwongozaji akataka kimya cha chumba cha kweli chenye mtoto wa kweli, kwa kuwa chumba kitupu na chumba chenye mtoto kitandani havinyamazi kwa namna moja.

Fundi akasema, “Mtoto ninaye.”

Alikuwa anaye kweli. Binti yake aliitwa Chiriku na nyumba nzima, kwa ajili ya ule mdomo wake usiojua likizo. Fundi alitundika mablanketi mazito dirishani ili kelele za barabarani zisipenye, chumba kikawa na giza la kaburi ilhali nje jua la alasiri linawaka. Akamlaza mtoto, akasimamisha kipaza sauti kando ya kitanda.

“Mama,” Chiriku akanong’ona.

“Shh.”

“Mama, kuna—”

“Nyamaza! Narekodi. Zuia na pumzi kidogo.”

Mtoto akaufumba mdomo. Fundi akapata kimya chake, akambusu mwanawe paji la uso, akarudi mezani kwake kuhariri. Hakumwuliza alitaka kusema nini.

Sasa, hedifoni kichwani, alijiambia: ni Chiriku huyu, amekosa subira. Akaenda kumwuliza. Alimkuta sakafuni sebuleni anachora.

“Wewe, siku ile nilipokurekodi, si ulipumua?”

“Sikupumua, mama. Ulinikataza.”

“Basi ni nani?”

Mtoto hakuinua macho. Alisema kitu, ila kwa sauti ndogo mno hata Fundi, na masikio yale yote, ilimbidi achutame.

“Nilitaka kukwambia. Ukasema ninyamaze.”

“Sema sasa.”

Chiriku akatikisa kichwa. Akatazama mlango wa chumba chake, akashika koo lake kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa kujua iwapo kifungo bado kipo.

Fundi akafanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya: akaridhika. Nyumba ilikuwa imetulia, na nyumba iliyotulia kwake ilikuwa pepo ndogo ya duniani. Bawaba za mlango wa jikoni, zilizokuwa zikilia kama paka aliyekanyagwa, ziliacha kulia. Alidhani mama yake, Bibi, amezitia mafuta. Bomba lililokuwa likidondoka liliendelea kudondoka, lakini tone lilipofika kwenye beseni halikusema kitu. Saa ya ukutani ilitembea bila kugota. Na kila jioni karibu na chumba cha mtoto palikuwa na harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, katika nyumba isiyokuwa na taa ya utambi.

Asubuhi moja Chiriku alimwona Bibi amejifunga kilemba akidhani ni kanga yake, kumbe ni taulo la jikoni. Akacheka. Akarudisha kichwa nyuma, mabega yakatikisika, meno yote nje, machozi yakamtoka kwa kicheko, na chumbani mote kusisikike chochote.

Bibi akaweka birika chini.

“Cheka tena,” akasema polepole.

Mtoto akajaribu. Mdomo ukafunguka. Hakuna. Ndipo uso wake ukabadilika, akaanza kulia, na kilio nacho hakikuwa na sauti.

Daktari alimulika koo, akamwambia aseme “aa”, akasema koo ni zima kama la ng’ombe, labda mtoto amekasirika tu. Fundi akarudi nyumbani, akaifuta ile rekodi kwenye kompyuta. Ilipokwisha kufutika, akavaa hedifoni bila kufungua chochote, akasikia pumzi ikivutwa. Safari hii haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka nyuma ya kiti chake.

Alikimbilia jikoni akimvuta mtoto mkono.

“Mama,” alimnong’oneza Bibi, “kuna kitu humu ndani.”

“Kuna kitu, eti! Mimi nakijua tangu bawaba zilipoacha kulia. Nilikwambia, ukaniambia mama nyamaza, nahariri.” Bibi hakuwa mtu wa kunong’ona. Sauti yake ilisikika hata kwa majirani wasiopenda. “Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hilo jini ni la kula sauti. Halimli anayelia, wala anayeimba. Linamla anayeambiwa nyamaza na woga ungali mdomoni mwake. Mtoto alizuia pumzi, na lenyewe likazuia pamoja naye. Likiitoa tu, limepoteza makao, likatafute mengine. Basi linazuia, linameza, linazuia.”

“Polepole, mama, litasikia!”

“Lisikie! Limekuja kusikia.”

“Tumwite mganga.”

“Mganga wa nini, na Mungu ametupa midomo mitatu?”

“Mmoja umeshachukuliwa,” Fundi akasema, na hapo akalia.

Bibi akamwacha alie, kisha akampangusa kwa lile lile taulo. “Lini unapeleka hiyo kazi yako?”

Fundi akakumbuka. Filamu ile ingeonyeshwa ukumbini kwa watoto, taa zikiwa zimezimwa, na katikati kulikuwa na kipande ambapo mtoto wa kwenye filamu anazuia pumzi kitandani, na ukumbi mzima, kama watoto walivyo, ungezuia pamoja naye.

“Basi tusilisubiri huko,” Bibi akasema. “Yarudishe yale mablanketi dirishani. Lilikuja na giza, litatoka na giza.”

“Mama, gizani tena?”

“Giza ni la Mungu, kama mchana ulivyo wake. Hilo jini ni mpangaji tu, na kodi halilipi.”

Kwa mikono yake mwenyewe Fundi akaliziba dirisha mchana kweupe, akafunga mlango, akazima taa. Bibi alikaa katikati ya kitanda, Chiriku mapajani pake. Harufu ya utambi ikawajia mara moja, karibu, kama mtu aliyeinama kuwatazama.

“Bismillahi,” Bibi akaanza, akasoma aya alizozijua. Kisha, bila kupumzika, akageukia mgeni. “Wewe uliye huko pembeni, huna kwenu? Umekosa majumba ya wafalme ukaja kukaa chini ya kitanda cha mtoto, penye soksi moja na ganda la peremende? Mume wangu, Mungu amrehemu, alijaribu kuninyamazisha tangu siku ya harusi mpaka akaenda kupumzika kaburini. Yeye hakuweza na mahari alitoa. Utaweza wewe uliyeingia bure?”

Gizani pumzi ikavutwa.

Sauti ya Bibi ikapungua, kama redio inayobebwa na mtu anayeondoka. Hakuacha. Alisimulia ndoa za majirani, akataja wakwe wabaya mmoja mmoja, akarudi kwenye aya, akapanda tena kwenye matusi yasiyo na dhambi, na pumzi ikazidi kuvutwa, ndefu, ikivuta mlio wa kitanda, ikivuta mkwaruzo wa shuka, mpaka Fundi, aliyesimama mgongo kwenye mlango, akamsikia mama yake kwa mbali kama mtu aliye ng’ambo ya mto, kisha kama mbu, kisha hakumsikia kabisa, akabaki peke yake katika kimya safi kuliko vyote alivyowahi kurekodi, kimya kisicho na chembe, ambacho kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa akikitafuta na kukiombea, na akajua kwamba kitu kilichokijaza kimekuja kusimama mbele yake, uso kwa uso, mashavu yamevimba kwa sauti za nyumba yake, kikingoja tu afanye kile alichozoea kufanya, yaani anyamaze.

Hakuwa amepiga kelele tangu utoto. Koo lilikuwa limesahau njia.

“Toka,” akanong’ona.

Sauti hiyo nayo ikavutwa.

“Toka!” Haikusikika, lakini aliihisi ikikwaruza koo. Hasira ikampanda kutoka miguuni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. “Nilimnyamazisha mimi, na kosa hilo nitamjibia Mola wangu, si wewe! Wewe ni nani? Nani alikupa mwanangu? Hii ni nyumba ya watu wenye kelele! Mama yangu ana kelele, mwanangu ana kelele, na mimi, mimi, haya, meza na hii, ushibe, upasuke!” Akapiga mayowe bila neno, mayowe ya mtoto, akilipiga lile giza kifuani kwa ngumi mbili, na ngumi zikakuta kitu laini na cha baridi kilichojaa hadi pomoni.

Kikapumua.

Kwanza zilitoka bawaba, zikalia kama paka wote wa mji. Ikafuata saa, ikigota mara zote ilizokuwa inadaiwa, na matone ya bomba, na mkwaruzo wa shuka, na Bibi katikati ya sentensi, “...na huyo mkwe wake naye, afadhali njaa!” Kikatoka kicheko cha Chiriku cha asubuhi ile, chote, kikagonga kuta. Mablanketi yakaanguka, jua likaingia. Na mwisho kabisa, kwa sauti ndogo ya mchana ule wa kurekodi, yakatoka maneno yaliyokuwa yamekatwa:

“Mama, kuna mtu amekaa kitandani kwangu.”

Fundi akapiga magoti, akamkumbatia mwanawe.

“Nimekusikia, mwanangu,” akasema. “Nimekusikia.”

“Sasa hayupo,” Chiriku akasema kwa sauti yake mwenyewe, iliyokauka kidogo. “Mama, umepiga kelele kama ng’ombe.”

Fundi alirekodi kimya kipya. Safari hii dirisha lilikuwa wazi, Bibi akisinzia kitini, Chiriku akimung’unya peremende. Mwongozaji alipokisikiliza alivua miwani.

“Dada, humu ndani kuna bibi anaguna.”

“Ndiyo.”

“Na kuna mtu anakula.”

“Ndiyo. Ndicho kimya cha kwetu. Ukikitaka kingine, tafuta fundi mwingine.”

Mwongozaji akamwangalia, akaona hatanii. Akavaa miwani yake.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa watoto na wazazi wao. Taa zikazimwa. Chiriku alikaa kati ya mama na Bibi. Kikafika kile kipande: mtoto kitandani, giza, shuka mpaka puani. Watoto wote ukumbini wakazuia pumzi. Kwa chini kabisa, ndani ya kimya cha filamu, bila wao kujua, Bibi alikuwa akiguna na peremende ikigonga meno, na kifua cha Fundi kikaanza kulegea.

Ndipo, kutoka safu ya nyuma ambako viti vilikuwa vitupu, mtu akavuta pumzi.

Ilivutwa taratibu. Harufu ya utambi ikapita juu ya vichwa. Mkono wa Fundi ukaushika wa mwanawe, na mazoea ya miaka yakamletea lile neno mpaka kwenye ncha ya ulimi, nyamaza, nyamaza mwanangu. Akalimeza.

“Sema,” akamwambia.

Chiriku akapanda juu ya kiti, akageukia nyuma.

“Tumekusikia!” akapiga kelele. “Itoe! Itoe hiyo pumzi!”

Watoto wakadhani ni mchezo wa filamu yenyewe. Mmoja akadakia, safu nzima ikadakia, kisha ukumbi wote ukawa umesimama juu ya viti, gizani, unapiga makofi na kudai, “Itoe! Itoe! Itoe!” Na Fundi, mwanamke wa kimya, alikuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Huko nyuma kitu kikapumua, kifupi, kwa aibu. Mlango wa ukumbi ukafunguka wenyewe, mwanga wa mchana ukaingia kama utepe, kisha mlango ukabaki nusu wazi, ukicheza.

Bibi hakugeuka hata kutazama.

“Na ufunge mlango vizuri,” akasema. “Watu wanatazama filamu.”

Polepole sana, mlango ukajifunga.