Pete Haivuliwi

Kidole cha Bi Nunu kilicheza kabla mashine haijawashwa.

Khairat alikiona, akajidanganya kuwa ni macho yake. Alikuwa mtaalamu wa viungo katika kliniki moja ya Malindi, Unguja, mwanamke wa tahadhari tangu hapo, na kwa mimba hii aliyoililia miaka saba, hata ngazi alizipanda kama anaiba.

"Bi Nunu, una kifaa cha moyo kifuani? Kifafa? Kidonda mkononi?"

"Sina, mwanangu. Nna kiharusi tu, ndicho kilichonileta."

"Basi tuvue pete. Penye umeme hapakai madini."

Bi Nunu akaufunika mkono mgonjwa kwa ule mzima. "Hii si ya urembo. Nlivishwa ngomani, siku ya kumtuliza bwana wangu. Haivuliwi."

"Bwana gani, na wewe mjane?"

"Huyo ndiye aliyenifanya mjane."

Khairat akacheka, akapaka sabuni, akaichomoa. Akabandika vibandiko vya umeme mkononi, akawasha mashine kidogokidogo kama alivyofunzwa.

Pakanuka udi. Hakuna aliyefukiza. Mara mkono uliokufa tangu Ramadhani ukainuka, ukamkamata Khairat kiwiko, naye akazima mashine, akang'oa waya ukutani, na wanaopenda kubisha wabishe, waya ulikuwa umelala sakafuni lakini umeme ulizidi kuja, ukapanda begani, ukateremka mbavuni, taratibu, kama mgeni anayepapasa milango ya nyumba yenye giza, mpaka ukafika chini ya kitovu, ukaona pamemfaa, ukakaa.

Mkono ukamwachia. Khairat akamrudishia bibi pete.

"Usijisumbue," Bi Nunu alinong'ona huku machozi yakimtoka. "Kwangu keshahama."

Maalim Salem, mpunga majini, aliletwa kliniki kutoka Michenzani kabla ya magharibi. Alifukiza, akanyunyiza marashi, akasoma mpaka sauti ikamkauka. "Jitaje! U nani? Wataka nini?"

Akarudia mara tatu, moshi tu ukapanda.

Akaweka chetezo chini. "Mwanangu, jini hatoki mpaka ajitaje, na hujitaja kwa kinywa cha aliyepandwa."

"Nshafungua kinywa, Maalim. Nampa changu, aseme!"

Maalim akamtazama tumboni, akayaondoa macho upesi.

"Hakukupanda wewe."

Khairat akajikumbatia. "Basi tufanyeje?"

"Tungoje azaliwe, aanze kusema," alijibu kwa sauti ya chini, na tayari alikuwa mlangoni, anapapasa viatu vyake kwa mguu.