Fundi Cherehani Hajaharibika

Watu walimwita Fundi Cherehani. Mashine ikikwama, aliiinamia, akasikiliza mlio wake, akajua ilipouma. Kelele za watu wengi ndizo zilizomchosha. Daktari alishamweleza sababu: ana usonji. Ubongo wake una namna yake ya kupokea mambo.

Siku hiyo mama yake aliingia karakanani mbio, uso unameremeta.

"Mwanangu! Mwokaji mikate wa mtaa wetu anataka kuleta posa Jumamosi!"

Bisibisi ilimponyoka Fundi.

"Mama, yule ni mtu mwema. Lakini sitaki mume."

"Kama si yeye, nani basi?"

"Hakuna. Sijawahi kumtamani mwanamume, wala mwanamke. Wenzangu wakisimulia mambo hayo, mimi hucheka tu kwa sababu wanacheka."

Mama alikaa kitako. "Maskini mwanangu! Tutakutafutia dawa."

"Hodi!" Jirani yao, mshauri wa zahanati, alikuja kuchukua cherehani yake.

"Afadhali umekuja," mama alisema. "Hebu msikie mdogo wako."

Mshauri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Fundi, "Hali hii inakusumbua?"

"Hainisumbui. Wanaonisumbua ni wanaoniuliza!"

"Ilianza lini?"

"Niko hivi tangu nipate akili."

"Basi huumwi, mdogo wangu. Wako watu wasiovutiwa kimwili na mtu yeyote. Ndivyo walivyo."

"Ni huo usonji?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Wenye usonji wengi hupenda, huoa na kuolewa. Ila watu wasiovutiwa, kama mwanao, huonekana zaidi miongoni mwao. Hata asiye na usonji anaweza kuwa hivi."

"Akiolewa si atazoea?"

"Usimlazimishe. Ataumia yeye, na mwokaji naye ataumia."

Fundi alikuwa amesimama. Mikono yake ilipepea, miguu ikaruka yenyewe.

"Kumbe tuko wengi! Mama, umesikia? Sijaharibika!"

Alizunguka meza akicheka. Mama hakuwa amemwona na furaha ya namna hiyo tangu utotoni. Machozi yakamlenga.

"Lakini si utabaki mpweke?"

"Mpweke? Nina wewe. Nina marafiki. Nawapenda sana, mama. Kupenda napenda!"

Mama alijifuta macho, akajifunga kanga vizuri, akaenda mwenyewe kwa mwokaji.

"Baba, huna ubaya wowote," alimwambia. "Binti yangu hataki kuolewa, na mimi niko upande wake."

Mwokaji alijipangusa unga mikononi. Ilimuuma. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia mapema, mama. Mwambie tutaendelea kusalimiana."

Jumamosi Fundi alifungua darasa la ufundi wa cherehani. Alifundisha watu wachache, bila makelele, kama alivyopenda. Shangazi mmoja wa mtaani alichungulia mlangoni.

"Mama Fundi, arusi lini?"

Zamani swali hilo lingemwinamisha mama kichwa. Leo alicheka.

"Arusi haipo, wifi yangu! Mwanangu hatafuti mume, anatafuta wanafunzi. Wewe mikono yako inafanya nini?"

Shangazi alitazama mikono yake. Akavua viatu, akaingia.